Nira ya Kompyuta ya Nora

Habari hii nimeipata kwa Nora mwenyewe, mjukuu wa dada yangu. Alinisimulia mwaka jana mwezi wa nane, siku mbili mfululizo, tukipepeta ulezi nyumbani kwangu. Mimi niliishia darasa la nne. Kwa hiyo kila alipotaja jambo la kompyuta nilimwambia, "Rudia, mama, umeniacha njiani." Alirudia bila kuchoka, na ninamshukuru. Naandika kama nilivyoelewa.

Nora anaishi kijijini Kemambo na baba yake, Mseti, na mama yake, Mokami. Wanalima mahindi na mihogo. Wana ng'ombe kumi na wanne. Kila wiki ng'ombe hao lazima waogeshwe kwenye josho ili kupe wafe. Kupe wakibaki huleta ugonjwa wa ndigana, na ndigana huua ndama.

Josho liko mbali. Mseti huondoka na ng'ombe alfajiri na kufika saa tatu hivi. Siku nyingi alimkuta msimamizi wa josho, Athanas, amekaa tu juu ya ukuta.

"Leo hakuna, Mzee Mseti. Pampu imekufa."

"Si ungetuambia jana?"

"Wafugaji sitini na wawili! Nimpigie kila mmoja? Nitamaliza lini?"

Ng'ombe walirudi na kiu. Mseti alirudi na hasira, na Mokami alijua asimsemeshe mpaka amalize kula.

Nora alikuwa amesoma kompyuta chuoni mwaka mmoja. Akamwambia baba yake, "Baba, naweza kutengeneza programu. Athanas atatuma ujumbe mmoja tu. Kompyuta itaupeleka kwa wafugaji wote, hata wenye simu za kitochi."

Siku mbili Mseti aliwatazama ng'ombe wake mmoja mmoja. Siku ya tatu aliuza mtamba, yule mweusi mwenye baka jeupe. Akamnunulia Nora kompyuta iliyotumika, na modemu ya kuwekea laini ya simu. Kwa baba wa huku kwetu, kuuza mtamba kwa ajili ya binti si jambo dogo. Nora hakulisahau hata siku moja.

Simioni, mdogo wake Mseti, alipoiona kompyuta alicheka mpaka akakaa chini. Huku kwetu wanaume huitana mura.

"Mura, mtamba wako umekuwa kisanduku! Kinatoa maziwa?"

"Subiri," alisema Mseti.

"Nasubiri. Kikizaa uniite."

Sasa sikiliza vizuri. Kompyuta haifanyi kitu mpaka iandikiwe maagizo, mstari baada ya mstari. Maagizo hayo yanaitwa msimbo. Msimbo nao unahitaji mahali pa kuuandikia, kama mwanafunzi anavyohitaji daftari. Mahali hapo ni programu inayoitwa kihariri. Vihariri viko vingi, na hapo ndipo Nora alipoteleza.

Kwanza aliandika kwenye programu ya kuandikia barua, kwa sababu ndiyo aliyoizoea chuoni. Programu ile hupamba maandishi, na mapambo mengine macho hayayaoni. Kompyuta ikayakataa maagizo yake yote. Siku nne zikapotea.

Halafu akamwona bingwa mmoja kwenye video. Bingwa huyo alitumia kihariri kikubwa, kizuri, kinachometameta. Nora akasema moyoni, anachotumia bingwa ndicho bora. Akakipakua. Akaongeza na vikorombwezo vyote, yaani viprogramu vya nyongeza, ambavyo bingwa alivisifu, kumi na kimoja. Tangu siku hiyo kompyuta ikawa inavuma kama mashine ya kusaga. Nora aliandika neno, akangoja, ndipo neno likatokea. Mara nyingine kila kitu kiliganda, na kazi ya asubuhi nzima ikapotea. Aliandika upya. Wiki tatu alilala kidogo, akiogopa kumwambia baba yake.

Siku ya kuionyesha programu kwenye mkutano wa wafugaji ikafika. Mseti alivaa koti lake la kanisani. Nora akaweka kompyuta mezani mbele ya watu. Athanas akatuma ujumbe. Watu wakatazama simu zao. Kimya. Kioo cha kompyuta kilikuwa kimeganda.

"Kisanduku kimepata ndigana!" Simioni alisema kutoka nyuma.

Watu walicheka. Mseti hakucheka.

Mwenyekiti wa kikundi cha wafugaji, mama mmoja anayeitwa Theodora, aliwanyamazisha. "Anayecheka aje atengeneze yeye. Binti, tutakutana tena baada ya wiki moja. Njoo nayo."

Njiani Mseti alitembea mbele. Walipokaribia nyumbani akasema bila kugeuka, "Wiki moja. Ikishindikana naipeleka Sirari ikauzwe. Hiyo kompyuta itarudi kuwa ng'ombe."

"Baba..."

"Nimesema."

Kesho yake asubuhi Mseti aliibeba kompyuta mwenyewe, akamwita Nora, wakaenda kwa Ngeleja. Huyu Ngeleja alikuja kwetu kutoka Geita kutafuta dhahabu. Alikuwa na diploma ya kompyuta, lakini kazi hakupata, akabeba mawe ya machimbo miaka miwili. Sasa ana kibanda cha kutengeneza simu. Ninamshukuru Mungu kwamba hakurudi kwao.

"Shikamoo, Mzee Mseti."

"Marahaba. Iangalie hii. Kama ni mbovu useme, nisije nikamuuzia mtu ubovu."

Ngeleja aliiwasha. Akangoja. Akangoja tena. Akanywa chai yake yote akiwa bado anangoja.

"Nora, unaandikia kwenye kihariri gani?"

Nora akamwonyesha.

"Lo! Na haya makorokoro yote?"

"Bingwa kwenye video anayo."

"Bingwa ana kompyuta yenye nguvu mara nane ya hii, mdogo wangu. Kihariri chake ni kizuri, sikidharau. Ila hapa kinakula nguvu yote. Programu yako inabaki na makombo. Siku ya mkutano ulikuwa umekifunga?"

"Nilikiacha wazi."

"Basi ndiyo maana."

Mseti akainua mkono. "Ngoja, kijana. Unasema kompyuta si mbovu?"

"Si mbovu, mzee. Imeelemewa."

Mseti akasema polepole, "Kumbe ni nira."

"Nira vipi?"

"Chukua nira ya maksai wakubwa umvishe maksai mdogo. Shingo itachubuka, na mstari wa plau utapinda. Watu watasema ng'ombe huyu mvivu. Ng'ombe si mvivu. Aliyemvisha ndiye hakupima."

Ngeleja alicheka kwa furaha. "Mzee, nimekaa chuoni miaka mitatu, hakuna aliyenieleza hivyo!"

"Na nira mpya hatuipeleki shambani moja kwa moja," Mseti akaendelea. "Tunaijaribu hatua chache kwenye udongo laini."

"Basi na sisi tujaribu."

Ngeleja akatafuta vihariri vitatu vyepesi, vyote vya bure. Alivichukua kwenye tovuti za wenyewe waliovitengeneza. "Usichukue programu kwenye flashi ya mtu yeyote tu," alimwonya Nora. "Inaweza kukuletea virusi." Kisha akamwambia aandike mistari ileile ishirini katika kila kihariri.

Cha kwanza kilikuwa kizuri, lakini kilifanya kazi kwa mtandao tu.

"Hapa mtandao unakatika mara ngapi?" aliuliza Ngeleja.

"Kila mvua ikinyesha."

"Kitoe."

Cha pili kilifunguka papo hapo. Lakini kila kitu ndani yake kiliendeshwa kwa vitufe vya kukariri. Nora alibonyeza huku, akabonyeza kule, jasho likamtoka.

"Kaka Ngeleja, natokaje humu?"

Ngeleja alicheka mpaka akashika meza. "Si wewe wa kwanza kukwama humo! Ukikizoea ni kikali sana. Tatizo lako ni moja, una wiki moja tu. Utajifunza baadaye."

Cha tatu kilifunguka haraka. Kilikuwa na namba pembeni ya kila mstari, na maneno yalikuwa na rangi.

Mseti akasogea. "Hizi rangi ni urembo?"

"Hapana, mzee. Wewe ng'ombe akiumwa unajuaje?"

"Manyoya yanasimama. Yanapoteza mng'aro."

"Na hapa ni hivyo. Ukikosea, rangi inabadilika."

Wakafungua ndani yake ile kazi yote ya Nora. Kutoka mstari wa thelathini na nne kwenda chini, rangi zilikuwa zimeharibika. Nora akainama, akatazama. Alikuwa amefungua mabano bila kuyafunga.

"Hili kosa limekaa hapa wiki mbili!" alisema, akashika kichwa. "Kile cha bingwa nacho kingenionyesha, ila kilikuwa kinaganda kila nikikisogelea."

Ngeleja akamwonyesha namna ya kukiagiza kihariri kihifadhi kazi chenyewe kila baada ya muda mfupi. Akamwambia pia, "Ukishachagua, tulia nacho. Usibadilishe kila ukiona video mpya. Kompyuta yako ikiwa kubwa siku moja, ndipo upime tena."

"Nikulipe nini?" aliuliza Mseti.

"Nenda tu, mzee. Ile habari ya nira imetosha."

Wiki ile Nora alifanya kazi kwa utulivu. Siku ya Jumatano mawingu yalifunika, umeme wa sola ukaisha, kompyuta ikazimika ghafla. Nora alipiga kelele. Mama yake akaja mbio na mwiko mkononi, akidhani ni nyoka. Kesho yake jua lilipotoka Nora akaiwasha. Kazi yote ilikuwepo, mpaka neno la mwisho.

"Asante Mungu," alisema Mokami. "Na asante Ngeleja."

Mkutano ukafika. Mara hii Nora alifunga kila kitu kisichohitajika, akaacha programu yake peke yake. Athanas akatuma ujumbe: KESHO JOSHO LIPO. DAWA IPO.

Simu ya Mwenyekiti Theodora ikalia. Ikafuata nyingine, halafu tano kwa pamoja, halafu ukumbi mzima. Ya mwisho ililia nyuma kabisa, kwenye mfuko wa Simioni.

Mseti akamgeukia. "Mura," alisema taratibu, "kimezaa."

Watu walicheka mpaka wakafuta machozi, na Simioni mwenyewe akacheka. Theodora akampa Nora mkono mbele ya wote, akasema, "Tunakushukuru, na tunamshukuru baba yako aliyekuamini."

Tangu siku hiyo ng'ombe wa Mseti hawajaenda josho bure. Wiki mbili baadaye ujumbe ulikuja jioni: KESHO JOSHO HALIPO. PAMPU MBOVU. Basi kesho yake Mseti hakuondoka alfajiri. Aliwachunga ng'ombe karibu tu, akawarudisha kunywa maji, akala ugali wake. Kisha akamwambia Nora, "Mwanangu, yule mtamba hakupotea. Asante." Akajilaza chini ya ukingo wa paa, Mokami pembeni yake kwenye mkeka. Wote wawili wakalala.

Saa tisa Simioni akaingia, vumbi limemfika magotini.

"Huyu vipi? Anaumwa?"

"Amelala, baba mdogo."

"Siku ya josho? Mimi ndiyo natoka huko na ng'ombe, tumerudishwa."

"Tulijua tangu jana kwamba halipo. Hukupata ujumbe?"

Simioni akatoa simu yake mfukoni. Ilikuwa imezimika, haina chaji. Aliitazama muda mrefu. Akakaa kwenye kigoda, akavua viatu.

"Usimwambie baba yako," alisema. "Haya, nionyeshe hizo rangi zinazosifiwa."

Nora akaiwasha kompyuta, akafungua kihariri. Alipogeuka kumwonyesha, Simioni alikuwa ameegemea ukuta, mdomo wazi, anakoroma. Nora akatabasamu. Akaandika mistari miwili mitatu ya kazi mpya. Upepo ulikuwa mzuri, na mwezi mzima hakuwa amepumzika. Akalaza kichwa juu ya mkono, akasinzia kabla hajahifadhi alichoandika, na kihariri kikakihifadhi chenyewe.