Mikwaruzo Usoni mwa Milembe

Kila asubuhi, kabla Bariadi haijachangamka, Kwandu alikuwa akifuta vumbi kwenye kioo cha studio, anajitazama kidogo, anaona haya, kisha anafungua mlango. Siku hiyo kitambaa kilikuwa bado mkononi, kijana mmoja akaingia akihema, koti la kaki likinuka samaki.

"Mwangaluka, mrembo. Nisafishie filamu hii. Usimwonyeshe mtu."

"Hata mimi nisione?"

"Macho yako nimeyaruhusu."

Aliitwa Luhaga, mchuuzi wa dagaa, alivyosema mwenyewe. Tangu hapo hakukosa siku ya mnada. Akaanza kumletea Kwandu sato wakavu. Kwandu naye akaanza kuvaa gauni lake la zambarau kila mnada. Lakini kila bahasha ya filamu Luhaga aliiandika jina moja: Milembe. Na kwenye chumba cha giza, karatasi ilipoiva ndani ya dawa, aliyejitokeza ni mwanamke yuleyule, kitenge cha maua, mkono kiunoni, mwanya nje.

Jumatatu moja simu ya mezani ikalia.

"Kwandu wangu, Milembe ametokaje?"

"Ametoka."

"Vizuri?"

"Njoo umtazame mwenyewe. Si ndiye wako?"

Akabamiza simu. Akatafuta sindano, akaukwaruza uso wa Milembe kwenye filamu, picha baada ya picha, mpaka mwanya ukapotea. Kisha akazisafisha hivyohivyo.

Siku ya mnada alimrushia Luhaga bahasha. "Chukua mkeo!"

"Mke? Milembe ana mume na watoto sita! Wewe mama, unatazama mbele tu? Tazama nyuma yake."

Kwandu akaichukua bahasha, akasogeza picha moja dirishani. Nyuma ya kitenge, wanaume walikuwa wakimimina chupa ziwani. Chupa zile alizijua: dawa ya pamba, ambayo siku hizi za soko huria kila duka linauza. Sato walielea matumbo juu, na ndege mnandi wamekufa kando yao.

"Mimi si mchuuzi, ni bwana samaki wa serikali," Luhaga alinong'ona. "Wakijua nawapiga picha wao, wananizamisha. Kwa mbali wanadhani nampiga mchumba, ndiyo maana hata bahasha nikaandika Milembe. Kesho zinakwenda mahakamani."

Ndipo Luhaga akaiona mikwaruzo. Akapekua picha zote.

"Uso wote umeuondoa," alisema Luhaga, kisha akapumua, akacheka. "Wiki nzima Milembe analia, anaogopa kutambuliwa mahakamani. Kitenge kama kile wanawake wa mwalo mzima wa wavuvi wanavaa. Umemficha! Nani kakupa akili hii, mpenzi?"

Uongo ulikuwa umeshafika ulimini, mtamu. Kwandu akaumeza.

"Sikumficha mtu, Luhaga. Nilimwonea wivu." Kiswahili kikamwishia, akasema kwa Kisukuma, kama wanavyosema kwao, bila kuinamisha uso:

"Nakutogilwe. Nakupenda."