Chupa Kwenye Chemchemi

Papa Télesphore alibeba mizigo katika bandari ya Kalemie. Kila asubuhi alikunywa chai, akaagana na mke wake Mado, akashuka kilima kwenda kazini. Alishusha magunia ya chumvi na ya saruji kutoka kwenye meli za Kigoma. Jioni Mado alipika bukari, yaani ugali, na ndagala wa ziwani. Binti yao Denise, mwenye miaka sita, alimsimulia baba yake mambo yote ya shule, hata yale aliyokwisha kumsimulia jana.

Watu wa mteremko wao walichota maji kwenye chemchemi moja. Jirani yao wa ukuta kwa ukuta alikuwa Papa Adalbert, fundi wa redio. Papa Adalbert alizaliwa mkoa wa Kasai. Alikuja Kalemie akiwa kijana kufanya kazi ya reli, na watoto wake wote walizaliwa hapa.

Mwaka wa 1992 ulikuwa mgumu. Habari zilifika kwamba katika miji mingine ya mkoa wetu wa Shaba watu wa Kasai walikuwa wakifukuzwa. Katika kartie yetu, yaani mtaa wetu, watu walianza kumwangalia Papa Adalbert kwa jicho lingine. Wengine hawakumpelekea tena redio zao.

Mwezi wa kumi na moja mvua kubwa zilinyesha. Baada ya siku chache watu wa mteremko walianza kuhara na kutapika.

Siku ya Jumanne Papa Télesphore alikuwa akirudi kutoka kazini. Alimwona Papa Adalbert ameinama kwenye chemchemi, chupa mkononi. Alishangaa, kwa sababu watu wote walichota maji kwa ndoo au kwa bidoni kubwa za plastiki. Alipofika nyumbani alimwambia Mado:

"Nimemwona Papa Adalbert kwenye maji na chupa. Sijui alikuwa anafanya nini."

Siku ya Alhamisi Denise naye alishikwa na ugonjwa. Macho yaliingia ndani, midomo ikakauka. Mado alimbeba mgongoni mpaka dispansere, yaani zahanati. Muuguzi, Mama Agathe, alimlaza, akaanza kumnywesha maji ya sukari na chumvi, kijiko kwa kijiko.

Siku hiyo hiyo bandarini, mwenzake wa kazi Damien alimfuata Papa Télesphore.

"Mutoto wako anaumwa, na weye unanyamaza tu? Ule muntu wa Kasai njo anatuua! Alimwaga chupa tatu za dawa nyeusi kwenye maji. Kuna muntu aliona kwa macho yake. Jumapili tutamtoa na vitu vyake vyote."

Papa Télesphore alitupa gunia chini. Aliacha kazi, akaenda dispansere mbio. Alimkuta Denise amelala kitandani, Mama Agathe anamnywesha.

"Mama Agathe," alisema kwa hasira, "kumbe Papa Adalbert njo anaua watoto wetu! Dawa nyeusi, chupa tatu!"

Mama Agathe hakuacha kijiko chake. "Uliona dawa hiyo?"

"Hapana. Damien ameniambia."

"Damien aliiona?"

"Hapana. Kuna muntu aliona."

"Muntu gani?"

"Damien hakutaja jina."

"Papa Télesphore, hili si jambo dogo. Mnataka kumtoa muntu nyumbani mwake. Basi fuata neno hilo mpaka kwa yule aliyeliona. Muulize kila mmoja: uliona, ao ulisikia? Na mwenye chupa, nani amemuuliza?"

Alitoka pale amekasirika bado, lakini alikwenda.

Damien alisema alisikia kwa Mama Mwanne, muuza ndagala. Papa Télesphore akamfuata sokoni.

"Mimi sikusema chupa tatu," Mama Mwanne alisema. "Nilisema chupa moja, na kwamba alimwaga dawa. Na mimi sikuona. Uliza bibi yako. Mado njo aliniambia."

Papa Télesphore alirudi nyumbani. Mado alikuwa akifua nguo za mtoto.

"Mado, ulimwambia Mama Mwanne kwamba Papa Adalbert alimwaga dawa?"

"Nilisema labda ni dawa," Mado alijibu. "Wewe njo uliniambia ulimwona na chupa. Umesahau?"

Papa Télesphore alikaa kwenye kizingiti. Yule mtu aliyeona kwa macho yake alikuwa yeye mwenyewe.

Kisha aliinuka, akaenda kubisha kwa jirani yake. Papa Adalbert alifungua mlango nusu. Ndani, mke wake Monique alikuwa amelala mkekani, dhaifu kabisa. Chupa ilikuwa kando yake.

"Papa Adalbert, Jumanne ulikuwa na chupa kwenye chemchemi. Kwa nini?"

"Kwa sababu ya huyu. Mama Agathe alinifundisha kutengeneza maji ya sukari na chumvi. Alisema lita moja kamili. Chupa hii ni lita moja. Ninapimia, ninachemsha, anakunywa."

Kwa hiyo Monique alikunywa maji ya chemchemi hiyo hiyo, na aliugua kabla ya Denise. Mwenye kutia sumu hangemnywesha mke wake.

Papa Télesphore alimsimulia Mama Agathe yote hayo, na Ijumaa mchana wote wawili walipita nyumba kwa nyumba kutafuta ugonjwa ulikotoka. Waliuliza wagonjwa ni wangapi, na wanachota maji wapi. Nyumba kumi na moja zilikuwa na wagonjwa, na zote zilichota kwenye chemchemi. Ng'ambo ya barabara watu walichota kwenye bomba, na hakuna aliyeugua. Wakapanda mteremko. Juu ya chemchemi palikuwa na nyumba iliyoachwa na wenyewe. Shimo la choo chake lilibomolewa na mvua, na uchafu ulikuwa unateremka kwenye mfereji mpaka kwenye maji.

Mama Agathe alishika pua. "Hii njo dawa nyeusi yenu," alisema.

Jumapili, baada ya misa, watu walijaa katika uwanja wa shefu, mkubwa wa kartie. Mimi ninayeandika habari hii nilikuwepo. Wakati ule nilifundisha watu wazima kusoma, na Papa Télesphore alikuwa mwanafunzi wangu, mpole, asiyependa kusimama mbele ya wengine. Vijana walikuwa wameshika fimbo. Damien alipaza sauti:

"Kuna muntu aliona!"

Papa Télesphore alisimama.

"Muntu aliyeona njo mimi. Niliona chupa. Dawa sikuiona. Hakuna aliyeiona. Neno lilitoka kinywani mwangu, na sisi wote tuliliongeza njiani."

"Wamekununua!" kijana mmoja alipiga kelele.

"Mutoto wangu amelala dispansere," alijibu. "Ningependa kujua nani alimfanya mugonjwa kuliko weye. Twende juu. Usiniamini mimi. Angalia wewe mwenyewe."

Nimeona watu hodari wengi bandarini, watu wa kubeba gunia moja kila bega. Sijaona aliyebeba mzigo kama ule, wa kusema mbele ya watu mia, "Kosa lilianza kwangu."

Shefu alitangulia, watu wakamfuata. Walipoliona shimo na mfereji wake, hakuna aliyeuliza tena habari ya chupa. Vijana waliweka fimbo chini, wakatumwa kuleta majembe.

Walifukia choo kile. Walichimba mfereji mpya wa kupeleka maji ya mvua mbali, wakajenga ukuta mdogo wa mawe kuzunguka chemchemi. Mama Agathe alifundisha kila nyumba kuchemsha maji ya kunywa na kunawa mikono. Baada ya majuma mawili hakukuwa na mgonjwa mpya. Denise alirudi shuleni. Monique alianza kupika tena.

Siku ya mwisho ya kazi, Papa Adalbert na Papa Télesphore walikuwa wanapanga mawe pamoja. Papa Adalbert alisema bila kuinua kichwa:

"Na wewe uliamini kwamba nilifanya vile?"

Papa Télesphore angeweza kusema hapana.

"Ndiyo. Kutoka bandarini mpaka mlangoni kwako, niliamini."

Papa Adalbert alipanga jiwe moja, kisha lingine.

"Kila muntu hapa ananiambia hakuamini hata kidogo," alisema. "Wewe njo wa kwanza kuniambia kweli."

Akamsogezea jiwe kubwa lililobaki, na wote wawili wakaliinua.