Taa Mbili za Genge la Mawe

Zama zile amiri wa Sarwani alipouteka mji wa wafua fedha katika milima ya Yemeni, Wayahudi wa mji huo walitoroka na walichoweza kubeba. Mzee Yihye na mkewe Bidra waliongozwa na Mabkhuti, Mwislamu mwenye ngamia, ambaye hakuwadai hata nauli.

Adhuhuri, binti yao Naama alirudi nyuma kumfuata punda aliyekata kamba. Jua likazama hajaonekana, nao wakajificha katika pango juu ya njia. Bondeni, wapanda farasi wa amiri walikuwa wakizunguka. Yihye hakutulia, alikaa, akasimama, akashika jambia lake, akaliachia.

“Leo ni usiku wa kwanza wa Hanuka, sikukuu yetu ya taa,” alisema. “Tuiwashe taa yake humu ndani ya pango. Penye hatari, sheria ya dini yaturuhusu kuificha taa.”

“Na Naama je? Ataionaje humo?”

“Taa ile si ya kutafutia mtu, Bidra. Hata sindano huruhusiwi kuitungia uzi kwa mwanga wake.”

“Sikusema ile. Nasema mtumishi wake.”

Mabkhuti akacheka kwa wasiwasi. “Mama, taa yenu ina mtumishi? Mimi mwenyewe sina!”

Bidra akamweleza: ile moja ni ya kumbukumbu tu, na ya pili, inayowekwa juu zaidi, ndiyo mtumishi, ya kuwashia ile ya kwanza na kutumia mwanga wake. Akaziweka zote mbili kwenye genge la mawe nje ya pango, zikielekea njia ya mlimani. Mabkhuti akavua joho lake, akalitanda upande wa bonde ili maadui wasione kitu. Akalishika hivyo hadi mikono ikachoka. Bidra akamwekea bega lake chini ya kiwiko.

Kokoto zikaporomoka. Yihye akachomoa jambia.

“Rudisha jambia, baba!” sauti ikasema gizani. “Punda amenikanyaga vya kutosha leo.”

Bidra akamkumbatia bintiye. “Umejuaje kuwa ni sisi?”

“Mchungaji huwasha moto mmoja. Nani mwingine huweka taa moja chini na nyingine juu?”

Taa zilipokwisha mafuta, waliondoka. Mji wao hawakuuona tena. Kumbukumbu za maandishi zilitunza jina la amiri. Joho la Mabkhuti hazikulitaja. Lakini kizazi cha Naama, popote kilipo leo, huweka taa za Hanuka dirishani, zikielekea barabarani. Na mtumishi huwashwa kwanza, kwa ajili ya yeyote ambaye bado yuko njiani.