Aya ya Marehemu

Duka la kuchapa lilijaa watu hadi mlangoni, kila mmoja na haraka zake, na Mwalimu akakanyagwa kidole na mwanamume aliyebeba rimu za karatasi.

"Pole, dada! Nilikuwa sioni mbele."

"Ndiyo maana hukuona viatu vyangu vipya," akajibu, gauni la manjano limemkaa kama lilishonwa akiwa ndani yake.

Kumbe ndiye mwenye duka. Wateja walimwita Fundi. Alimchapia mitihani yake mbele ya foleni nzima, watu wakaguna, yeye wala. Jioni simu ya Mwalimu ikalia.

"Nani?"

"Aliyekukanyaga. Kidole kinaendeleaje?"

"Kimevimba. Kinataka soda."

Basi, mapenzi yakaanzia kwenye soda.

Lakini jamani, dukani mle mlikuwa na mtu wa tatu. Marehemu mke wa Fundi ndiye aliyetengeneza kiolezo cha kadi kwenye kompyuta: majina katikati, herufi za mlazo, mstari wa kwanza wa kila aya umesukumwa ndani mno, kana kwamba anavuta pumzi kabla ya kusema. Ukibandika maneno humo, ya harusi au ya msiba, yalijipanga alivyotaka yeye. Sheria ya duka ilikuwa moja: fungua nakala, kiolezo chenyewe usikiguse. Kwa nini, Fundi hakusema. Aliona aibu kumwambia mpenzi wake kwamba kila asubuhi hukifungua kikiwa kitupu, akakitazama weee, ndipo afungulie wateja mlango.

Mchana mmoja Fundi alitoka kufuata wino. Bwana harusi mtarajiwa akaingia anahema, anataka kadi zake. Mwalimu akakaa kwenye kompyuta kumsaidia. Zile aya zilizozama ndani zilimkera. Mwanafunzi wake angekatwa alama. Akachagua yote, akafuta mpangilio, akasogeza aya kushoto, akasimamisha herufi. Kisha akahifadhi, si kwenye nakala, bali juu ya kiolezo chenyewe.

"Laazizi, nimekusafishia!" akamwambia Fundi aliporudi.

Fundi akatazama kioo cha kompyuta.

"Rudisha."

"Nimeshafunga. Kwani kuna nini?"

"Alikitengeneza mke wangu. Kilikuwa kimebaki hicho tu! Umemzika mara ya pili!"

Mwalimu akasimama. "Kwa hiyo muda wote huu tulikuwa watatu? Mimi nilikuwa nani, mpangaji?"

Akachukua mkoba wake akaondoka.

Fundi akajaribu kukirudisha. Alisukuma aya ndani, akalaza herufi, lakini kila alichotengeneza kilikuwa chake mwenyewe. Chakula kikamshinda. Dada yake akamjia juu: "Kaka, yule alikufa. Huyu yuko hai na anakupenda. Unataka umkose na huyu?"

Ndipo akapiga simu.

"Tafadhali usikate."

"Sikati. Nimechoka kulia. Sema."

"Nilipaswa kukwambia. Niliogopa utanicheka."

"Nisingekucheka, mjinga wewe."

"Basi njoo uchague herufi. Nataka tuchape kadi."

"Ya nani?"

"Yetu, mpenzi. Kama utanikubali."

Alikuja na lile gauni la manjano, macho yamevimba, midomo inacheka. Fundi akafungua ukurasa mpya, mweupe, usio na kiolezo chochote. Mwalimu akachagua herufi za wima, aya zikae kushoto. Wakataniana nani atangulie kutajwa. Printa ikaunguruma.

Kadi ikatoka. Herufi zilikuwa za wima, sawa. Lakini mstari wa kwanza ulikuwa umesukumwa ndani mno.

"Umefanya wewe?" akanong'ona Mwalimu.

"Haki ya Mungu, sijagusa."

Wakatazama kioo. Pale aya ilikuwa imekaa kushoto kabisa, kama walivyoipanga. Fundi akanyoosha mkono aichane ile kadi.

Mwalimu akamshika kiganja, akakibana kifuani kwake.

"Iache," akasema. "Naye aje harusini."