Waliozaliwa Siku Moja

Treni ya kutoka Tabora iliingia Shinyanga saa nne asubuhi, Jumamosi moja ya mwezi wa nne mwaka 1973, na kabla haijasimama sawasawa watu walikwisha kuanza kuidandia. Sabiti alishuka amekumbatia boksi mithili ya mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. Alivaa suruali ya bugaluu ya kijivu na shati jeupe la mikono mirefu, mavazi ya Dar es Salaam, ila vumbi la njiani lilikwisha kuyageuza rangi. Gunia la karanga lililosukumwa kutoka dirishani likamgonga kiwiko. Boksi likaanguka, likapasuka, kadi zikatapakaa miguuni mwa watu.

Alipopiga magoti kuziokota, msichana mmoja aliyevaa gauni la rangi ya samli na ushungi mweusi alikwisha kuinama kumsaidia.

"Kaka, kadi zako zimeliwa na panya," alisema, akiinua moja juani.

"Si panya, dada. Ni mashine."

"Basi panya wa huko wana adabu. Wanatoboa pembe nne."

Sabiti alimweleza kwamba zilikuwa kadi za programu ya kompyuta, kila moja na namba yake, na kwamba moja tu ikikaa pasipo pake, kompyuta itazikataa zote. Msichana alikuja kumpokea shangazi yake, na shangazi hakuwamo katika treni. Wakakaa kwenye benchi kuzipanga hadi adhuhuri. Ndipo Sabiti alipojua kwamba anaitwa Mwahija, ni opereta wa simu pale posta, na kwamba baba yake, Mzee Shaaban, ni fundi katika kiwanda kilekile cha kuchambua pamba ambako yeye Sabiti aliajiriwa kuiandikia kompyuta programu.

"Wabeja," alimshukuru walipomaliza.

"Kumbe unajua Kisukuma."

"Nimezaliwa Geita. Mama ni Msumbwa, lakini sokoni anaongea kila lugha."

Simu zote za kiwanda zilipita mikononi mwa Mwahija, na tangu wiki ile ziliongezeka.

"Posta. Namba tafadhali."

"Nipe yule aliyenipangia kadi."

"Huyo yuko kazini. Ana watu kumi mbele yako."

"Nitasubiri."

"Subiri, mpenzi, ila usikohoe. Meneja wa benki atadhani ni mimi."

Kufikia mwezi wa nane Sabiti alikuwa mgeni asiyebisha hodi mara mbili nyumbani kwa kina Mwahija, mtaa wa Kambarage. Mzee Shaaban, mtu wa maneno machache, mikono yake imepauka kwa nyuzi za pamba, alimuuliza swali moja tu.

"Hiyo mashine yenu hulala?"

"Huzimwa jioni, mzee."

"Afadhali."

Mwezi wa tisa kiwanda kiliamua kupunguza watu. Siku ya Jumanne Bwana Marselino, meneja, aliingia chumba cha kompyuta na kutaka majina ya wote waliotimiza miaka hamsini na mitano. Alimtaka Sabiti atie saini kwamba orodha haitatajwa nje ya chumba kile kabla ya Ijumaa. Mashine ikanguruma, karatasi ikatoka. Jina la kumi na nne lilikuwa Shaaban Maulidi, aliyezaliwa 1917.

Alhamisi jioni Sabiti alialikwa Kambarage. Aliketi mkekani, akala ugali wa mtama kwa mlenda, akacheka walipocheka wenzake. Mara mbili alifungua kinywa, na mara mbili akaomba maji.

Ijumaa saa tano simu ya chumba cha kompyuta ililia.

"Baba amepewa barua," alisema Mwahija. "Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Tangu lini?"

"Jumanne."

"Na jana ukanawa, ukala."

"Mwahija, nilitia saini."

Mwahija alichomoa waya. Kuanzia siku hiyo Sabiti akipiga simu, alimuunganisha kama alivyomuunganisha mtu mwingine yeyote, upesi na kwa heshima. Heshima hiyo ilimuuma kuliko matusi.

Mwisho wa wiki alipanda basi kwenda Geita kwa mama yake, Bibi Kijakazi. Mama alimsikiliza huku akimenya mihogo.

"Mgodi wa hapa Geita ulipofungwa," alisema, "karani mmoja alikuja kumwambia baba yako siku moja kabla. Alikuwa akitetemeka. Baba yako hakumshukuru, wala kazi haikurudi. Lakini barua ilipofika, alikuwa amekwisha kuvaa shati safi."

Sabiti alirudi Shinyanga na jambo hilo moyoni. Kuvunja ukimya sasa kulikuwa kumepitwa na wakati, lakini kitu kimoja katika orodha kilikuwa kinamsumbua: tarehe moja ya kuzaliwa ilijirudia mno. Aliomba ufunguo wa stoo ya majalada ya zamani. Akakuta watu tisa walioajiriwa asubuhi moja mwaka 1951, Mzee Shaaban akiwa mmoja wao, wote kwa mwandiko wa karani mmoja, na wote wamezaliwa tarehe mosi Julai, 1917.

Aliyapeleka majalada kwa meneja.

"Kompyuta imekwisha sema," alisema Bwana Marselino.

"Kompyuta haimjui mtu, bwana. Inarudisha tulichoipa, hata tarehe aliyoikisia karani. Na mimi ndiye niliyeipa bila kutazama."

Meneja aliyafunua majalada moja baada ya jingine. Mwishowe akampa wiki moja alete ushahidi.

Sabiti alizunguka kwa baiskeli hadi Maganzo na Mhunze, akiwauliza wazee na ndugu zao: alizaliwa kabla ya njaa ipi, uvamizi upi wa nzige, mtoto yupi wa jirani? Kila mmoja alipata mwaka wake, na wote wanane walikuwa wadogo kuliko karatasi ilivyosema. Nyumba ya Kambarage aliiacha ya mwisho.

Mwahija alifungua mlango, akamtazama, akampisha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Reli ilipofika hapa Shinyanga, miaka ile ya ishirini, ulikuwa na umri gani?"

Mwahija alisimama nyuma ya baba yake. Mzee Shaaban alijua jibu lipi lingemrudisha kazini.

"Nilibeba kokoto za reli hiyo," alisema. "Ndevu zilikuwa zinaanza. Mashine yako imenipunguzia miaka. Andika hivyo hivyo, mwanangu, wasije wakawatilia shaka wale wengine."

Wanane walirudishwa kazini kabla ya mwezi kwisha. Mzee Shaaban hakurudi. Alifungua kibanda cha kutengeneza cherehani kando ya soko, na wale wanane hawakuwa na fundi mwingine.

Mwahija alimkuta Sabiti akitoka kazini, akatembea naye bila salamu hadi walipopita maghala.

"Baba amekusamehe siku nyingi. Mimi bado nina swali," alisema. "Kesho wakikutaka utie saini tena, utaniambia?"

Sabiti angeweza kusema ndiyo, na angeaminiwa.

"Sijui," alisema. "Ila sitakaa mkekani kwenu nile, nicheke. Nitabaki mlangoni, nawe utajua kuna jambo."

Mwahija alikaza ushungi wake. Walipita nyumba tatu.

"Mama yako akija kunichumbia, atafikia wapi?"

"Kwangu. Nina chumba kimoja, lakini nitalala kwa rafiki."

"Basi mlete. Na usichelewe, Sabiti. Mvua zikianza, basi la Geita halipiti."