Kitanda cha Dirishani

Haya hayakunipata mimi. Yalimpata dada yangu wa tumbo moja, na mwisho wake niliuona kwa macho yangu, mchana kweupe, nikiwa na mkasi mkononi.

Dada alikuwa muuguzi. Wodi yake ilikuwa ya akina mama, chumba kirefu chenye vitanda pande mbili na madirisha yanayotazama kamba za kuanikia mashuka. Miaka yote kazi yake ilikuwa ya miguu na mikono. Anapita kitanda hadi kitanda, anamshika mgonjwa kifundo cha mkono, ananyamaza akihesabu mapigo, anauliza umelalaje, umekula nini, anasogea mbele. Akirudi nyumbani alitumbukiza miguu kwenye beseni la maji ya moto na kuilalamikia kama watoto watukutu, mpaka tunacheka.

Halafu zikaja mashine. Kila mgonjwa alibandikwa nyaya kifuani na kibanio kidoleni, na mapigo ya wote yakawa yanaonekana kwenye skrini moja kubwa juu ya meza ya wauguzi, kila kitanda na kijisanduku chake. Mstari wa kijani ukiwa unarukaruka, mgonjwa yuko salama. Pakiwa na tatizo, mashine inapiga kelele. Haukupita muda, wenzake wakaanza kupunguzwa. Mkuu wa wodi alisema hakuna haja ya watu wengi kuzungukazunguka. Mashine haisinzii wala haiendi kunywa chai. Dada akabaki karibu peke yake na chumba kizima.

Mwanzoni alifurahi. "Mdogo wangu, leo miguu haijavimba," aliniambia, na beseni likakaa kavu ukutani.

Kwenye kitanda cha dirishani alilala bibi mmoja mcheshi, mwenye sauti ndogo na maneno makubwa. Kila dada alipopita, bibi alitoa mkono nje ya shuka, kiganja juu.

"Mwanangu, hebu nishike."

"Uko sawa, bibi. Mashine inaonyesha."

"Basi iulize hiyo televisheni yako kama nina njaa."

Wodi nzima ilicheka. Dada naye alicheka, akarudi mezani.

Siku yenyewe ilianza kwa utulivu. Dada alikaa akiingiza taarifa kwenye kompyuta, macho yakipanda kwenye skrini na kushuka. Mistari yote ilikuwa ya kijani. Wa dirishani ndio uliokuwa mzuri kuliko yote. Anakumbuka alijisemea moyoni, bibi leo kaamka vizuri, hata kelele zake hatuzisikii.

Saa ya kutazama wagonjwa, binti wa yule bibi aliingia. Alikuwa mama wa makamo, amebeba mfuko wa matunda. Alisimama kando ya kitanda kwa muda. Kisha akaja mezani. Hakupaza sauti.

"Sista, mama amelala namna gani vile?"

Dada akatazama skrini. "Amepumzika. Mapigo yake ni mazuri."

"Nimemshika."

"Eh?"

"Nimemshika, sista. Ni wa baridi."

Dada akaenda. Bibi alikuwa macho wazi, ameelekea upande wa meza ya wauguzi. Mkono ulikuwa nje ya shuka, kiganja juu, vidole vimekunjika kidogo. Ulikuwa umeshakakamaa. Ndipo dada alipoushika. Baridi ikampanda mpaka kiwikoni.

Nyuma yake, kwenye skrini, mstari wa kijani uliendelea kuruka.

Daktari aliitwa. Alimtazama marehemu, akaitazama skrini, akarudi kwa marehemu. Dada anasema, kwa kitambo yule daktari hakujua aamini kipi.

Fundi wa mashine akachomoa nyaya. Mstari ukaruka. Akazima swichi ya ukutani. Ukaruka. Mwili ukapelekwa, kitanda kikapigwa dawa, kikatandikwa shuka safi. Ukaruka. Mwishowe fundi akasema ni hitilafu ya ndani, itashughulikiwa, akakata kipande cha plasta ya vidonda na kukibandika juu ya kile kijisanduku. Watu wakaendelea na kazi.

Dada hakulia. Alirudi nyumbani akavua viatu, akainua sufuria iliyokuwa inachemka jikoni kwa mikono mitupu, akaileta mezani taratibu. Nilipiga yowe. Yeye aliitazama mikono yake kana kwamba ameiazima kwa jirani.

"Haihisi kitu," alisema. "Tangu mchana."

Malengelenge yakatoka, yakapasuka, yakapona. Hayakumuuma hata mara moja. Akapimwa kwa kila mashine waliyokuwa nayo pale hospitali. Majibu yakaja kwamba mishipa yake ni mizima.

"Uko sawa kabisa," daktari akamwambia. Dada akamshukuru, akarudi zamu.

Siku chache baadaye kitanda cha dirishani kilipata mgonjwa mpya, msichana aliyekuwa anapata nafuu. Asubuhi moja alimwita dada yangu kwa kidole.

"Sista," alinong'ona, "yule bibi ni wa hapa?"

"Bibi gani?"

"Anayekuja kunishika mkono. Mwenye vidole vya baridi."

Dada akavuta shuka, akalinyoosha.

"Hana ubaya," mgonjwa akasema. "Huwa ananiuliza kama wewe umekuja."

Walimhamishia kitanda kingine. Cha dirishani kikabaki kitupu, na chini ya plasta, mwanga wa kijani ukaendelea kuwaka na kufifia. Wauguzi wa zamu nyingine walikuwa wameshauzoea. Mmoja aliniambia baadaye kwamba walikuwa wanatundika kalenda mbele yake.

Mchana mmoja, wagonjwa wakiwa wamesinzia, dada alienda akakaa kwenye kile kitanda. Aliweka mkono wake juu ya shuka. Kiganja juu.

Alinisimulia kwa sauti ile ile ambayo angeniambia sabuni imekwisha.

"Alinishika. Nilimhisi, mdogo wangu. Ndicho kitu pekee nilichokihisi tangu siku ile."

"Akafanya nini?"

"Alitafuta mapigo yangu. Akaanza kuhesabu."

"Halafu?"

"Akahesabu. Akahesabu. Kisha akanyamaza."

Siku hiyo hiyo aliacha kazi. Hakuna aliyemuuliza sababu. Nafasi yake haikujazwa, skrini ilitosha.

Siku hizi anashinda nyumbani tu. Mimi ni fundi cherehani, ninafanyia kazi sebuleni, naye hukaa kwenye kiti karibu na meza yangu ya kukatia nguo. Hali yake ni ya kawaida, ukitazama kwa mbali. Anakula akipewa. Anajibu akiulizwa. Mashemeji wakija wanasema amenenepa. Mimi hukaa nikimtazama kifua, na wakati mwingine hungoja sana kabla hakijapanda.

Juzi nilikuwa nakata kitambaa cheusi cha mteja, kizito, cha gauni la msibani. Dada alikuwa amelala pale kitini. Niliinua macho.

Mkono wake wa kuume ulikuwa hewani. Umenyooka kuelekea mezani kwangu, kiganja juu. Haukuegemea kitu. Haukutetemeka.

"Dada," nilinong'ona.

Hakufumbua macho. Midomo ndiyo iliyosogea.

"Usiongee. Utamchanganya hesabu."

Nilisimama. Mkasi ulinitoka mkononi, ukalia sakafuni. Mkono wa dada ukashuka polepole hadi mapajani, kama kitu kinachowekwa chini kwa uangalifu. Chumbani tulikuwa wawili tu. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani.

Juu ya kitambaa cheusi, pembeni ya meza, palikuwa na alama ya kiganja. Kidogo kuliko cha dada. Kidogo kuliko changu. Vidole vimetanuka, kama vya mtu mzee aliyeegemea meza ili asimame. Kilikuwa cha maji.

Nilikianika kitambaa juani. Nikakipiga pasi. Mteja nilimnunulia kingine. Kile cha kwanza kimekunjwa kabatini, na leo asubuhi nimekigusa tena.

Bado ni kibichi.