Jibini ya Harusi ya Nasiha

Walikutana jua la utosi nje ya Ngome ya Yesu, pale wauza vinyago wanapogombania wageni na madereva wa tuktuk hawampishi mtu. Kadzo alikuwa amejifunga leso ya manjano juu ya dera, ndoo ya maziwa ya mbuzi mkononi, anatafuta upenyo apite. Kijana mmoja mrefu, shati jeupe lililopigwa pasi, begi mgongoni, akasimama mbele yake.

"Samahani dada. Nimeambiwa mtaa wa Kuze kuna duka la jibini. Unalijua?"

"Nalijua. Wataka nini huko?"

"Kuonja tu. Kila likizo mimi huzunguka maduka ya jibini. Limuru, Njoro, Nanyuki, kote nimefika."

"Wenzako wakipata likizo huenda kuwaona wazazi."

"Wazazi nawapelekea jibini."

Kadzo akacheka bila kutaka. "Haya, nibebee ndoo nikupeleke. Lakini mwenye duka ana mdomo mkali, jiandae."

"Ni mrembo?"

"Utajionea mwenyewe."

Walipofika, Kadzo akatoa ufunguo akafungua mlango, na yule kijana, Mumo, fundi wa reli kutoka Machakos, akabaki na ndoo mkononi na aibu usoni. Alipewa kipande cha jibini nyeupe iliyogandishwa kwa ndimu. Akafumba macho, akaomba kingine. Mapenzi yao yalianzia hapo, tumboni, na wala sioni haya kulisema.

Sasa, lile duka ni chumba kimoja tu cha mbele katika nyumba ya kupangisha ya Bi Fadhiya, mama anayesikizwa Kuze nzima. Kadzo ni Mgiriama, tena Mkristo, na wateja wake karibu wote ni Waislamu. Siku ya kumkabidhi ufunguo Bi Fadhiya alimwambia, "Mwanangu, sisi tutakula kwa imani na mkono wako. Usitulishe tusichokijua." Kadzo akaahidi. Tangu hapo, kila aliyemletea kitu cha kutia kwenye maziwa alimhoji kama askari.

Mumo peke yake hakumhoji. Huyo alikuwa kila akisafiri humpigia simu kutoka duka hili na lile, amwambie hii ina chumvi, ile yanuka soksi, na zote hazikufikii wewe. Safari moja akarudi kutoka Nyahururu na kichupa.

"Maji ya kugandishia," akasema. "Mzee mmoja huyatengeneza mwenyewe. Jibini yako itavutika mpaka ushangae."

Kadzo alikuwa akimtazama mleta zawadi. Kichupa hakukitazama.

Bi Fadhiya alipokuwa anamwoza binti yake Nasiha, akaagiza jibini ya sambusa. Kadzo akaona hii ndiyo siku ya kutumia yale maji. Jibini ikatoka laini, yavutika kweli. Asubuhi ya harusi akapeleka ndoo za jibini nyumbani kwa bibi harusi, na iliyozidi alikuwa ameshawauzia majirani.

Adhuhuri simu ikalia.

"Mpenzi, nimefika Mombasa. Niko hapa Ngomeni. Nina neno la kukuambia, na nimevaa suti."

"Suti kwenye joto hili? Njoo basi. Na ile jibini ya harusi ya Nasiha, Mumo, imekuwa ajabu."

"Si nilikuambia? Na yule mzee ana huruma, huwezi kuamini. Hawezi kumchinja ndama. Hungoja mpaka ndama ajifie mwenyewe, ndipo achukue tumbo lake atengeneze yale maji."

Kadzo akakaa kitako juu ya ndoo.

"Rudia hapo."

"Hachinji kabisa. Ni mtu wa—"

"Mumo, hicho ni kibudu. Mnyama aliyejifia, haramu kwao. Nimewapelekea watu kibudu harusini."



"Lakini ni matone tu."

"Tone la kibudu nalo ni kibudu."

"Kadzo, nisikilize. Nyamaza. Nani atajua?"

Akamkatia simu. Ikalia tena, akaizima kabisa. Alikasirika, na kilichomuuma hasa ni kwamba maneno yale yalishapita kichwani mwake kabla Mumo hajayatamka. Akisema, duka limekwisha, na jioni Kuze yote itakuwa inamtaja. Akinyamaza, atakuwa anamwamkia Bi Fadhiya kila asubuhi, na kila asubuhi atakuwa mwongo. Akakaa pale, anazitazama sufuria zake zilizong'arishwa. Alikaa zaidi ya inavyofaa, mimi simtetei. Kisha akakaza leso kiunoni akatoka mbio, mlango ameuacha wazi.

Uchochoro wa nyumba ya harusi ulikuwa umejaa udi na moshi wa mafuta. Mlangoni alisimama Mumo, suti ya kijivu imemlowa mgongo mzima. Mbele yake Bi Fadhiya, mikono ina unga.

"Mimi ndiye niliyeleta, mama," Mumo alikuwa akisema. "Kadzo hakujua mpaka sasa hivi. Naomba msikaange."

Bi Fadhiya akamwona Kadzo nyuma yake.

"Na wewe? Waja kusema, au waja kula?"

"Naja kusema. Lakini nilikaa kwanza, Bi Fadhiya. Nilitaka kunyamaza."

Yule mama akamtazama mpaka Kadzo akainamisha uso. Kisha akageukia jikoni. "Zimeni moto. Sambusa hizo zote zitupwe, tutatia viazi." Akarudi kwao. "Nimekasirika, na sitapoa leo. Je, hao uliowauzia?"

"Nitawaambia."

"Mlango kwa mlango, kwa mdomo wako. Ukimaliza uoshe vyombo vyote, nitakuja kuvikagua mwenyewe."

Wakatoka pamoja, hawashikani mikono.

"Mbona uliniambia ninyamaze?"

"Niliogopa utafungiwa duka. Ulipokata simu nikaelewa. Ukinyamaza kwa ajili yangu, hutanitazama tena kama zamani."

"Nisingekutazama kabisa."

Wakaanza kupiga hodi. Mlango wa kwanza Mumo alipoulizwa ni nani, akajibu, "Mimi ni mteja wake tu." Mwenye nyumba akawarudishia jibini iliyofungwa kwenye karatasi, na mlango ukafungwa. Jirani mwingine alisema hatanunua kwake tena maishani. Mwingine alisema ahsante, akaingia ndani kunawa kinywa. Kila mlango Kadzo alizidi kuishiwa sauti, na Mumo alizidi kujaziwa vifurushi kifuani.

Mwisho kabisa walifika kwa Bi Mwanarusi. Alisikiza yote, akakileta kipande chake kisichoguswa, kisha akamkazia macho Mumo.

"Na huyu wa suti ni nani wako?"

Mumo akafungua kinywa kusema mteja.

"Ni mchumba wangu," akasema Kadzo.



"Ameshaposa?" akauliza Bi Mwanarusi.

"Bado. Alikuwa njiani."

Bi Mwanarusi akaguna, akafunga mlango. Hatua chache tu wakasikia ukifunguliwa tena.

"Kadzo, ile yako ya ndimu itakuwa tayari lini?"

Hapo ndipo Kadzo alipolia. Alilia mpaka leso ikalowa, na Mumo, mikono imejaa vifurushi, hakuwa na hata kidole cha kumfuta machozi.

"Mchumba wako?" akamnong'oneza.

"Kaoshe sufuria kwanza."